Somo la Kunguru

Katika kisa cha wana wawili wa Adamu kama kilivyosimuliwa katika Sura ya Maida, Kabili alipokwisha kumwua nduguye alisimama mbele ya maiti asijue la kufanya, na wafasiri wanasema kwamba alikuwa hajapata kuona mauti kabla ya siku ile. Ndipo Mwenyezi Mungu alipomleta kunguru, akaichakura ardhi mbele ya macho yake, na kwa kumtazama ndege yule mwuaji akajua namna ya kuusitiri mwili aliouondolea uhai. Maulamaa wamekaa sana juu ya majuto yaliyomshika baadaye, wakiulizana kama yalikuwa majuto ya toba au ya mtu aliyeona haya kupitwa akili na ndege. Mimi limenishughulisha jambo jingine, nalo ni kuwa elimu ya kwanza iliyozaliwa na mauaji ya kwanza ilikuwa elimu ya kufukia. Aya inayofuata papo hapo ndiyo ile mashuhuri inayoutukuza uhai wa nafsi moja hata ukalingana na uhai wa wanadamu wote, na yenyewe yaeleza kwamba hukumu hiyo waliandikiwa Wana wa Israili. Na kweli mfano wake umo katika Mishna ya Mayahudi, katika kitabu cha Sanhedrini, kilichokusanywa karne kadhaa kabla ya Kurani kuteremka, na humo pia umefungamanishwa na damu ya Habili.

Swali la kama elimu humfanya mtu kuwa mwema ni la tangu dahari. Sokrati, kama alivyoelezwa na mwanafunzi wake Plato, alishikilia kuwa hakuna atendaye uovu hali aujua kuwa ni uovu, na kwa hiyo tiba ya uovu ni kujua. Imamu Ghazali, aliyeyapekua mafundisho ya Wayunani kuliko wengi wa zama zake, alimwandikia mwanafunzi wake waraka mzima wa kumtahadharisha asidhani kuwa elimu peke yake itamwokoa. Swali hilo limerudi katika zama zetu kwa sura mpya, kwani katika nchi nyingi zimewekwa taratibu za kuwafundisha vijana habari za mauaji ya kimbari, kwa kutaraji kwamba watoto wa dini mbalimbali na wa rangi mbalimbali, wakishajua yaliyowafika wanadamu wenzao, watafahamiana na kustahiana. Matarajio hayo ni mema wala siyabezi. Ninalouliza ni hili tu, kwamba ni kitu gani hasa kinachofundishwa, maana kunguru naye alikuwa mwalimu.

Aliyekuwa Ngara mwaka 1994 hakuhitaji mtu wa kumsimulia. Maiti zilielea katika Mto Kagera zikishuka mpaka Ziwa Viktoria, ambako watu wa Uganda walizitoa majini kwa maelfu wakazizika. Na mwisho wa mwezi wa Aprili, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania, watoto wasio na hatia wakiwa wamechanganyika na watu waliobwaga mapanga yao mpakani. Upande wa pili wa daraja, nchini Rwanda, kwa muda wa siku 100 hivi, waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa baina ya 800,000 na zaidi ya 1,000,000, wengi wao mno Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki au waliodhaniwa kuwa watakataa.

Nchi hiyo haikuwa nchi ya wajinga wala ya watu wasiomjua Mungu. Ilikuwa mojawapo ya nchi za Kikristo mno katika Afrika, na shule zake nyingi zilikuwa chini ya mkono wa Kanisa. Jean-Paul Akayesu, aliyehukumiwa Arusha tarehe 2 Septemba 1998, akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari tangu Umoja wa Mataifa ulipopitisha mkataba wake miaka 50 nyuma, alikuwa mwalimu na mkaguzi wa shule kabla ya kuwa mkuu wa wilaya ya Taba. Basi hoja ya Sokrati ingeweza kufa hapo hapo, lau kama tusingetambua kwamba Rwanda elimu haikukosekana, bali ilikuwapo, tena ya kitambo, nayo ilikuwa elimu ya namna ya pekee. Mwingereza John Hanning Speke alichapisha mwaka 1863 nadharia yake kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walikuwa uzao wa Hamu waliotoka Uhabeshi, watu wa asili bora kuliko wale waliowatawala. Wamisionari wakaitwaa nadharia hiyo wakaifanya maarifa ya shule. Wabelgiji katika miaka ya 1930 wakaiandika katika kitambulisho cha kila mtu mzima. Na wale waliokuja kutawala baada ya Wabelgiji, badala ya kuichana karatasi hiyo, waliigeuza tu juu chini, waliokuwa wakisifiwa kwa ugeni wao wakaanza kuchukiwa kwa ugeni huo huo. Walionusurika wengi wanakumbuka mwalimu akiwaamrisha watoto Watutsi wasimame darasani wahesabiwe. Nafasi za shule za sekondari zikagawanywa kwa kabila.

Hapa sina budi kumtaja Agathe Uwilingiyimana, mwalimu wa kemia, mwanamke wa Kihutu, ambaye alipokuwa waziri wa elimu tangu mwaka 1992 aliuondoa mgawo huo ili mtoto aingie shuleni kwa alama zake, na akavuna uadui ambao haukumwacha. Alipokwisha kuwa Waziri Mkuu aliuawa asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa. Watoto wake waliokolewa na Kapteni Mbaye Diagne, Mwislamu wa Senegali, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa, ambaye kwa majuma yaliyofuata aliendelea kuwapitisha watu katika vizuizi, wachache wachache ndani ya gari lake, kwa maneno matamu, mzaha na sigara, mpaka kombora lilipomwua tarehe 31 Mei. Yeyote atakaye mfano wa mapatano ya dini na dini na asitosheke na hotuba za mikutano, na auzingatie huo: Mkristo aliyefukuza kabila katika daftari la shule, na Mwislamu mgeni aliyewabeba wanawe.

Lakini mahali ambapo fikira zangu hurejea zaidi ni Nyange, magharibi ya Rwanda. Mwezi wa Aprili 1994 Watutsi wa huko walikimbilia kanisani, kama walivyokimbilia makanisani katika vurugu za miaka ya nyuma na kusalimika. Safari hii kanisa lilibomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani, na watu wasiopungua 1,500 wakafa, na paroko wao, Athanase Seromba, alitiwa hatiani na mahakama ya Arusha kwa sehemu yake katika jambo hilo, akahukumiwa kwanza miaka 15 na kisha, katika rufani ya mwaka 2008, kifungo cha maisha. Haikupita miaka mitatu kamili, tarehe 18 Machi 1997, usiku, watu wenye silaha wakaingia katika shule ya sekondari ya Nyange hiyo hiyo, wakawakuta wanafunzi wakidurusu masomo yao, wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Wanafunzi walikataa. Walijibu kwamba wote ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na mabomu ya mkono, baadhi yao wakafa na wengine wakajeruhiwa.

Sasa, hao hawakuwa wamefundishwa mtaala wo wote wa amani. Mwaka 1997 somo lenyewe la historia lilikuwa limesimamishwa katika shule za Rwanda, kwa kuwa hakuna aliyejua limfundishe mtoto nini. Makumbusho ya Gisozi huko Kigali, walikozikwa watu wapatao 250,000, yalifunguliwa mwaka 2004. Masomo yaliyopangwa rasmi juu ya mauaji ya kimbari yalikuja baadaye sana. Mwenye kutangaza faida za mafunzo hayo hana haki ya kuwadai watoto wa Nyange kuwa ni matunda yake. Hata hivyo siwezi kusema kwamba hawakuwa na elimu. Walijua amri ile ilikuwa inaelekea wapi, kwa sababu waliishi juu ya kilima kile kile ambapo kanisa lilikuwa limelala kifusi, na kila mmoja wao, yule ambaye angeuawa na yule ambaye angesalimika kwa kusogea hatua tatu tu, alifahamu kuwa kosa halianzii kwenye risasi bali kwenye kukubali kusogea. Huo ndio ujuzi ambao, kwa maoni yangu, unastahili kufundishwa, na ambao Sokrati asingeukataa wala Ghazali asingeudharau, maana ni elimu ambayo haitengani na amali: kumfundisha mtu kulitambua swali la kuwatenga watu pale linapoulizwa, lingali dogo, lingali na sura ya karatasi ya serikali au mzaha wa mwalimu.

Aghalabu sivyo inavyofundishwa. Wako wanaoamini kuwa mtoto akioneshwa mafuvu ya kutosha ataingiwa na huruma, na Rwanda haina upungufu wa mafuvu. Murambi, ambayo ilikuwa shule ya ufundi iliyokuwa ikijengwa, miili iliyohifadhiwa kwa chokaa imelazwa katika vyumba vilivyokusudiwa kuwa madarasa. Nyamata, nguo za waliouawa zimerundikwa juu ya mabenchi ya kanisa. Mahali hapo pana haki ya kuwapo, na wenye kukanusha wanajibiwa na mifupa kuliko na vitabu. Ila hofu ni mwalimu mwenye pupa: humshtua mwanafunzi, humliza, kisha humwacha akidhani kwamba waliofanya hayo ni majini na si watu kama baba yake, na mtu aliyekwisha kuwageuza wauaji kuwa majini hana tena haja ya kujichunguza. Mbaya zaidi, mtoto wa waliouawa aweza kutoka pale na kisasi, na mtoto wa waliowaua akatoka na aibu isiyomhusu, ambayo ikikosa pa kwenda hugeuka ukaidi.

Kwa sababu hiyo naiona busara kubwa katika njia iliyofuatwa Cape Town, ambako kituo cha kwanza cha aina yake barani Afrika kilifunguliwa mwaka 1999 kufundisha habari za mauaji ya Mayahudi wa Ulaya, na tangu mwaka 2007 habari hizo zimeingia katika mtaala wa taifa wa Afrika Kusini. Mtu aweza kushangaa kwa nini watoto waliozaliwa na wazee waliobeba pasi za ubaguzi wafundishwe kwanza sheria za Hitler. Sababu yake, naiona, ni kwamba msiba wa mtu wa tatu huwapa mahali pa kukaa watu wawili ambao msiba wao wenyewe ungewatoa chumbani. Mtoto wa Kikaburu na mtoto wa Kixhosa waweza kuisoma pamoja sheria ya Nuremberg ya mwaka 1935 pasipo mmoja wao kuitwa mshitakiwa, na wakishafahamu jinsi damu na rangi zilivyopimwa huko kwa vyeti vya babu na bibi, wanarudi kwenye sheria za kwao, ambazo nazo ziliwaandikisha watu kwa rangi, kwa macho yaliyokwisha zoea kuona. Gisozi nako, juu ya maonyesho ya Rwanda yenyewe, pamewekwa habari za Waarmenia, za Mayahudi, za Kambodia, za Balkani, na za Waherero ambao Jenerali von Trotha aliamuru mwaka 1904 waangamizwe, yeye akiwa wa dola ile ile ya Ujerumani iliyokuwa ikiitawala Tanganyika wakati huo.

Msiba wa mtu wa tatu, lakini, ni mlango tu, na wengi hupenda kubaki mlangoni. Sisi Waislamu tuna mazoea ya kuitaja Nyamirambo. Na kwa nini tusiitaje? Katika mtaa ule wa Kigali, ambao Waislamu wake waliitwa Waswahili kwa kuwa wazee wao walikuja na Wajerumani, askari na makarani na wachuuzi wa kutoka pwani, watu wengi walifichwa majumbani na msikitini, na masheikh waliwakataza waumini kushiriki. Na sifa hiyo ilienea hata baada ya mwaka 1994 watu kadha wa kadha wakasilimu kwa sababu yake. Insafu, hata hivyo, yatutaka tuongeze mambo mawili. La kwanza, Waislamu wale walikuwa wamedharauliwa kwa muda mrefu, wakatengwa na shule na vyeo, hata udugu wa dini ukawa kwao na nguvu kuliko kabila lililoandikwa katika karatasi. Kutengwa kwao ndiko kulikowaepusha na mengi, na mtu asijisifu kwa ukuta aliojengewa na adui. La pili ni chungu zaidi: Hassan Ngeze, mhariri wa Kangura, gazeti lililochapisha mwezi Desemba 1990 zile amri kumi za kuwachukia Watutsi, alikuwa Mwislamu. Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2003, kikapunguzwa katika rufani kuwa miaka 35. Jina lake silisikii katika waadhi ambamo Nyamirambo hutajwa.

Kwa hiyo, ikiwa ningeulizwa namna ya kulipanga somo, ningetaka padri amfundishe kijana wake habari za Seromba kabla ya habari za Félicité Niyitegeka, mwanamke yule wa Kikatoliki wa Gisenyi aliyekataa kuwaacha wakimbizi wake na akafa pamoja nao. Na sheikh aanze na Ngeze ndipo aje kwa Nyamirambo. Kisha wabadilishane, sheikh awasimulie watoto wake habari za Niyitegeka, na padri awasimulie wake habari za Diagne. Njia iliyozoeleka ni kinyume cha hiyo, kila nyumba ikihesabu watakatifu wake na wakosefu wa jirani. Wakuu wa dini, ni kweli, wameanza kutembeleana. Mwaka 2010 viongozi kadhaa wa Kiislamu kutoka Marekani walikwenda Dachau na Auschwitz wakatoa tamko la kulaani ukanushaji. Mwezi Januari 2020 Muhammad al-Issa, Katibu Mkuu wa Rabitatul Alamil Islami, alisali Auschwitz. Na mwezi Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake katika Rwanda. Hayo ni ya kushukuriwa, nami nayapita kwa haraka kwa kuwa safari ya mkubwa mmoja haimfikii mtoto wa chuoni mpaka mwalimu wake aibebe.

Na mwalimu huyo ana uzito wake. Huko Rwanda anasimama mbele ya darasa ambamo mmoja ni wa familia ya waliouawa na mwingine ni wa familia ya aliyekuwa gerezani mpaka juzi, na yeye mwenyewe ni mmoja wa hao. Sheria zinaadhibu kuchochea mgawanyiko na itikadi ya mauaji ya kimbari, na wakosoaji wamesema mara nyingi kwamba upana wa sheria hizo humfanya mwalimu mwoga asome kitabu neno kwa neno na kufunga mlango wa maswali. Ziko familia ambazo zina wafu wao waliokufa katika vita na katika kambi za Kongo, wasiokuwa na nafasi katika kumbukumbu ya kila Aprili, na mtoto wao huisikia nyumbani historia moja na shuleni nyingine. Ningesema kwamba serikali iliyotoka katika kaburi la mauaji yale ya kimbari ina udhuru wa kuogopa maneno, maana Rwanda ilichinjwa kwa maneno kabla ya mapanga; udhuru, walakini, si kibali cha milele, na swali ambalo mwanafunzi haruhusiwi kumwuliza mwalimu wake atamwuliza mtu mwingine.

Ni rahisi kwetu wa pwani kutoa hukumu hizi juu ya watu wa milimani. Mwezi wa Januari 1964, katika siku za Mapinduzi, watu wengi waliuawa katika Unguja, wengi wao wenye asili ya Kiarabu, majirani wakinyosheana vidole kwa nasaba baada ya miaka ya siasa iliyokuwa ikimwuliza kila mtu ni wa kabila gani. Na kabla ya hapo palikuwa na karne za utumwa na za ardhi, ambazo kila upande hupenda kuzianza kuzihesabu kutoka mwaka unaoufaa. Iwapo yale yaitwe mauaji ya kimbari au yaitwe jina jingine, wataalamu hawajaafikiana, wala mimi siishiki hoja hiyo, kwani mtoto wa Malindi na mtoto wa Ng'ambo hawasubiri jina hilo ili wasikie nyumbani kwao habari mbili zisizokutana. Katika vitabu vya shule Mapinduzi yana tarehe na viongozi. Waliokufa hupitiwa kwa sentensi chache. Msikiti wa Ijumaa una watu wa pande zote mbili katika safu moja, bega kwa bega, na hakuna khatibu ninayemjua aliyelipandisha jambo hili mimbarini. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka ule amekwisha pita sabini, na mwalimu atakaye kumwuliza hana muda mrefu.